Kijiti Chenye Macho

Msomaji mpenzi, ukifika Muheza, panda nami njia ya mlimani mpaka Amani, katika Usambara ya Mashariki. Joto la pwani tutaliacha chini. Tutapita mashamba ya chai, kisha msitu mnene. Hapo Wadachi walianzisha kituo cha uchunguzi wa mimea na kilimo mwaka 1902, na tangu 1997 msitu huo ni hifadhi.

Simama kidogo kando ya njia, utazame kichakani. Unaona nini? Utasema, "Vijiti vikavu tu." Haya, tazama tena. Kijiti kimoja kina macho!

Huyo ni nyoka. Mwili wake ni mwembamba kama kidole, urefu wake hupita mita moja, na rangi yake ni ya kijivu na kahawia kama gome la mti. Upepo ukivuma, huyumba pamoja na matawi. Mboni ya jicho lake imelala kama tundu la ufunguo, na macho yote mawili hutazama mbele. Kwa hiyo humwona mjusi au kinyonga hata akiwa ametulia kimya. Mwaka 2001 wataalamu waliwatambua nyoka hao wa Usambara kuwa aina ya peke yake.

Hamfukuzi mtu. Ukimsumbua, huvimbisha shingo kukuonya. Meno yake ya sumu yamo nyuma kinywani, tena huuma watu mara chache. Lakini usidanganyike! Robert Mertens, mtaalamu mkubwa wa nyoka huko Ujerumani, aliumwa na nyoka wa jamii hii aliyemfuga mwenyewe. Akafa mwaka 1975, siku 18 baadaye.

Sumu yake huzuia damu isigande. Jeraha laweza kuwa dogo, mtu akarudi shambani bila wasiwasi. Baadaye fizi zikaanza kutoka damu.

Basi, wazazi, mtoto akitoka kuokota kuni na kusema ameumwa na nyoka mwembamba, msingoje kesho. Msimchanje, wala msimfunge kamba. Mtulizeni, mkampeleke hospitali siku ile ile, hata kama anacheka. Dawa ya kuipinga sumu hii haipo, lakini madaktari waweza kumwangalia na kumwongezea damu.

Tena mfundisheni hivi: kabla ya kuokota kijiti, kitazame kwanza. Kikikutazama nawe, kiache.