Soksi za Ripoti

Nahau ya kwanza ya Kiingereza niliyokutana nayo ilimgharimu mama yangu mtaji wa maandazi wa siku mbili.

Nilikuwa kidato cha kwanza, mjini Tanga. Ripoti ya muhula ilikuja na sentensi moja ya mwalimu wa darasa, kwa wino mwekundu. Mama hakujua Kiingereza, akanitaka nimsomee. Nikafasiri neno kwa neno: mwalimu anasema nipandishe soksi. Wallahi sikumdanganya, ndivyo nilivyoelewa. Soksi zangu zilikwisha kulegea mpira, zikilala juu ya viatu. Mama akazitazama, akatikisa kichwa, na kesho yake akaninunulia jozi mbili mpya.

Wiki haikwisha, mwanafunzi wa kidato cha tatu akanieleza, huku akicheka, kwamba Mwingereza akikwambia upandishe soksi amekwambia uache uzembe. Nikanyamaza. Mama alikuwa amekwisha kuwasimulia majirani habari za shule inayojali unadhifu.

Tangu hapo nikawa mkusanyaji wa nahau za mavazi, kama mtu anayelipa deni. Nikajua kwamba asiyeficha hisia zake husemwa kavaa moyo kwenye mkono wa shati. Na kwamba katika Othello ya Shakespeare, aliyetiwa maneno hayo kinywani ni Iago, mnafiki asiyefichua lake. Nikajua kwamba siri hutunzwa chini ya kofia, na kwamba unyoya kofiani ni fahari ya jambo lililotendwa vyema. Hapo nilisita kidogo, kwa kuwa sisi tukimvika mtu kilemba cha ukoka tumemsifu uongo. Kichwa ni kilekile, sifa mbalimbali.

Lakini ile ya soksi ndiyo iliyoninyima raha, kwa kukosa tafsiri. “Jitahidi” ni sahihi, ila haina nguo wala mwili. “Livalie njuga” ina mwili, tena ina mlio, lakini mimi huisikia zaidi kwa mtu aliyeshupalia jambo hadharani. Haimwelekei mtoto mvivu wa hesabu. Nilikuwa mtu mzima tayari nilipoipata: jifunge kibwebwe. Vazi linakazwa, mwili unajiandaa kwa kazi. Na kibwebwe chenyewe nilikuwa nakiona kila alfajiri kiunoni mwa mama, kanga iliyokazwa juu ya gauni, karai la mafuta mbele yake. Hata saa ile ninamsomea ripoti alikuwa nacho. Ningeinua macho kutoka kwenye karatasi, ningeiona tafsiri.

Mwaka juzi nilimwungamia. Alikuwa akichambua mchele. Alinisikiliza mpaka mwisho, wala hakucheka.

“Mwanangu,” akasema, “Kiingereza sikijui, tarakimu nazijua. Ulikuwa wa 38 katika watoto 41.”

Nikamwuliza kwa nini basi alinunua soksi.

“Zilikuwa zimelegea,” akajibu, akaurudia mchele wake.