Mke Mwenza wa Kwenye Chungu

Kuna mzee mmoja wa Kibongo anaishi Maryland, jirani na Washington. Siku moja akaingia bustani ya miti ya taifa kule mjini, akakuta msonobari mweupe wa Kijapani ndani ya chungu. Mti huo ulianza kulelewa 1625, ukanusurika bomu la Hiroshima 1945, na 1976 Wamarekani wakapewa zawadi. Bwana wee, mzee alirudi nyumbani kimya!

Akanunua mche wa kitalu. Kwa pupa akaosha mizizi yote na kukata matawi siku hiyohiyo. Ukafa. Wa pili akaenda nao taratibu: mizizi nusu kwanza, nusu nyingine miaka miwili baadaye. Kila tawi akaliachia majani, maana tawi la msonobari likibaki uchi ndio basi tena. Akalizungushia waya, akalikunja kidogo kidogo. Kila asubuhi yuko chunguni. Mkewe akaubatiza "mke mwenza".

Mwaka jana moyo ukamlaza mzee wiki tano. Simu ya kwanza nyumbani: "Mama, umeumwagilia?"

"Mimi je, huniulizi kama nimekula?" Simu ikakatwa.

Aliporudi alikuta udongo una unyevu na waya hakuna.

"Nani kaufungua?"

"Sijaufungua, nimeukata vipande vipande. Ulishaanza kuingia kwenye gome. Ulikuwa unamkaba mwenzangu."

Siku hizi mzee akiamka, kabla hajaenda chunguni, anauliza kwanza: "Mama, umekula?"