Wakubwa Waingie Siku ya Pili

Tangu Papa Apariteri afariki, watu wamekuwa wakimsifu kwa jambo ambalo hakulifanya. Wanasema alikuwa mfariji wa wafanyakazi, mzee mpole aliyetuketisha tukalia pamoja. Mimi nilifanya naye kazi chuoni tangu nikiwa mpiga taipu hadi nikawa mkuu wa idara ya watumishi, na nasema semina zake zilikuwa kazi ngumu. Mtu alitoka pale akijua kupanga daftari la uandikishaji, akijua haki yake ya likizo, na akijua ni saa ngapi ya siku mwili wake unaanza kumkatalia. Machozi yalikuwepo, lakini somo halikuwa machozi. Nimestaafu sasa, na kabla watu hawajayaharibu mafundisho yake kwa sifa, nataka yaandikwe, pamoja na lile tulilobishania hadi mwisho.

Nilizaliwa Kadutu, mjini Bukavu, mashariki mwa Kongo. Baba alikuwa mfanyakazi wa kiwanda cha kwinini, mama aliuza sombe, yaani kisamvu, sokoni. Mwaka 1967 mamluki wa Jean Schramme walishika Bukavu kuanzia Agosti hadi mwanzo wa Novemba, nasi tukakimbilia kwa bibi upande wa Walungu. Tuliporudi, darasa letu halikuwa na hata dawati moja. Nikaendelea kusoma hivyo hivyo, nikafundishwa kupiga taipu na masista, nikaajiriwa. Hayo yanatosha.

Nilipoingia kazini, vyuo vya nchi yetu vilikuwa bado chini ya UNAZA, chuo kikuu kimoja kilichoundwa na serikali ya Mobutu mwaka 1971 kwa kuunganisha vyuo vikuu vya Kinshasa, Lubumbashi na Kisangani pamoja na taasisi za juu. Kilivunjwa mwaka 1981, kila taasisi ikasimama peke yake. Ile yetu ya Bukavu sitaitaja jina, kwa sababu wengi wa ninaowasema hapa wangali na watoto wanaofanya kazi humo.

Wasomaji wa mbali wajue kwamba kwetu watu wa chuo wamegawanyika makundi matatu. Kuna maprofesa, kuna maasistenti na wenzao wanaopanda ngazi ya usomi, halafu kuna sisi PATO, watu wa utawala, wa ufundi na wa kazi za mikono. Semina zote za zamani zilikuwa za makundi mawili ya kwanza. Mpiga taipu, mlinzi, mfagiaji na mtunza maktaba hawakualikwa. Walipika chai ya semina. Apariteri ni mtu wa PATO. Ndiye anayeandikisha wanafunzi, kutunza majina na namba zao, na kubandika matokeo. Wanafunzi wakikasirika, mlango wa kwanza wanaoupiga ni wake. Mzee wetu alikalia cheo hicho muda mrefu hata jina lake la nyumbani likasahauliwa kazini.

Baada ya uporaji wa Septemba 1991 mshahara wa serikali ulipoteza maana. Oktoba 1993 ikaja zaire mpya, moja kwa milioni tatu za zamani, nayo ikayeyuka mikononi mwetu. Tuliishi kwa fedha za minervali, yaani ada walizolipa wazazi, na kwa vishamba vya mihogo. Kisha, mwishoni mwa Oktoba 1996, vita viliingia mjini. Askofu Mkuu Christophe Munzihirwa aliuawa tarehe 29. Tuliporudi ofisini, palmaresi, yaani orodha za matokeo, za miaka na miaka zilikuwa zimetapakaa uani, na nyingine tulizikuta mtaani Nyawera zikifungiwa maandazi.

Hapo ndipo semina zake zilipoanzia. Papa Apariteri alituita tuliobaki, akasema kijana aliyemaliza masomo hatapata kazi ikiwa hakuna anayeweza kuthibitisha kwamba alisoma. Ilibidi orodha zijengwe upya kutoka kwenye karatasi za maksi, risiti za minervali na kumbukumbu za watu. Lakini kabla ya kutugusisha karatasi hata moja, alimwomba kila mmoja asimulie siku yake ya juzi.

Juzi. Alishikilia hapo. Ukimwuliza mtu siku zake za kazi huwaje, atakupa hotuba. Ukimwuliza juzi, atakupa saa. Masimulizi yalianzia mlangoni mwa nyumba, alfajiri, na kuishia mlangoni humo jioni. Hakuna aliyeruhusiwa kukatiza, kushauri, wala kusema pole. Wasikilizaji walikuwa na kazi moja tu: kukumbuka ni saa gani sauti ya msimulizi ilibadilika. Baadaye alichora saa za siku ubaoni kwa chaki, na mbele ya kila saa iliyouma tukaulizana kinachokosekana ni kipi kati ya vinne, kila kimoja na safu yake: maarifa, kifaa, ruhusa, au chakula.

Nikupe mfano mmoja. Mama mmoja wa maktaba alisema kila siku, kama saa nne asubuhi, mikono humtetemeka. Wengine wangemwambia apumzike. Juzi yake ilionyesha kwamba alitoka Panzi kwa miguu bila kutia kitu tumboni, na kwamba saa nne ndiyo saa ambayo mwalimu fulani huja kumgombeza kwa vitabu visivyoonekana. Vitabu havikuonekana kwa sababu fishi za maktaba, yaani kadi za orodha ya vitabu, zilipotea vitani, na hakuna aliyewahi kumfundisha kutengeneza nyingine. Safu mbili zikajaa, ya maarifa na ya chakula. Tukapanga mafunzo ya fishi, tukapanga sufuria ya uji. Nawauliza wataalamu wa siku hizi: hiyo ni semina ya kazi au semina ya afya? Yeye hakuwahi kuzitenganisha, na mimi mpaka leo sizitenganishi.

Alijua pia mpaka wake. Juzi ya mtu ikikosa usingizi kabisa, au ikiwa na sauti ambazo wengine hawazisikii, hakuileta ubaoni. Alimchukua mtu huyo kando, na kesho yake akamsindikiza mwenyewe SOSAME, kwa Frères de la Charité, kwenye kituo cha afya ya akili. Hakumtuma na barua. Alikwenda naye.

Safu ya chakula ndiyo iliyotuzalia MUSO. Kivu Kusini inaijua MUSO, mfuko wa kusaidiana: wanachama huchanga katika visanduku vyenye rangi. Cha kijani ni cha kukopeshana, chekundu ni cha misiba na magonjwa, cha buluu hupokea fedha kutoka nje. Wengi wetu tulitaka kuanza na kijani, kwa kuwa mkopo unaonekana. Yeye alidai chekundu kitangulie. Likelemba, yaani upatu, alisema, humpa kila mtu zamu yake, lakini ugonjwa haungoji zamu. Alishinda, na chekundu hicho kimelipia majeneza ambayo serikali ilipaswa kuyalipia.

Baada ya vita vya 1998 mji ulijaa mashirika, na pamoja nayo wakaja wataalamu. Mmoja alituletea hojaji ya maswali 22, ile ya Christina Maslach ya mwaka 1981, inayopima uchovu wa kazi: mara ngapi unajisikia umekwisha nguvu, mara ngapi unawaona watu kama vitu, mara ngapi unaona kazi yako ina faida. Wenzangu walitia alama jibu lile lile kuanzia juu hadi chini, wakarudisha karatasi, wakaulizia nauli. Mtaalamu aliumia, akaandika kwamba kundi hili halina utayari.

Sikubali dharau ile hata leo, wala siikatai hojaji yenyewe. Anayetajwa kuwa wa kwanza kuueleza uchovu huu kitaalamu, mwanasaikolojia Herbert Freudenberger, mwaka 1974, aliuona kwa watu wa kujitolea katika kliniki ya bure mjini New York, watu waliofanya kazi bila malipo hadi usiku. Huyo angetuelewa mara moja. Wapo kwetu watumishi wanaoitwa wapya, wenye barua ya kuajiriwa lakini hawamo kwenye orodha ya malipo ya Kinshasa, na upya huo hudumu miaka. Kumfundisha mtu kama huyo kuvuta pumzi bila kutaja mshahara ni kumwambia kwamba tatizo liko kifuani mwake. Yule mtaalamu alikuwa na kitabu sahihi, ila alianzia ukurasa usio wetu.

Sasa nifike kwenye ugomvi wetu. Ulihusu kiti kimoja, cha mkuu.

Papa Apariteri hakuruhusu mkuu yeyote kuingia katika semina ya juzi, hata mkuu wa ofisi ndogo. Namwelewa. Alianza kazi wakati mkuu wa taasisi alikuwa pia mkuu wa kamati ya chama cha Mobutu, MPR, na neno lililosemwa mkutanoni asubuhi liliweza kumfikia mtu nyumbani kwake usiku. Na sayansi baadaye ikampa hoja. Mwaka 2013 Judith Bass na wenzake walichapisha utafiti uliofanywa katika vijiji 15, karibu vyote vya Kivu Kusini, kwa wanawake 405 walionusurika ukatili wa kingono. Wale waliotibiwa katika vikundi, vikiongozwa na wasaidizi Wakongomani ambao si madaktari, walipata nafuu kubwa kuliko wale waliopewa msaada wa mmoja mmoja. Nilipomsimulia, alifurahi sana. Unaona, mwanangu, akasema, watu hupona wakiwa kati ya walio sawa nao.

Nilimjibu, na nitamjibu tena hapa. Wanawake wale walipokutana, jirani aliyeketi kando yao hakuwa mtu wa kutia sahihi likizo yao. Kazini mambo ni mengine. Tazama ubao wetu: semina baada ya semina, safu za maarifa, kifaa na chakula zilipungua, lakini safu ya ruhusa ilibaki imejaa, kwa maneno yale yale. Aliyeishika ruhusa hakuwa chumbani. Wafanyakazi walitoka na nafuu ya siku moja, Jumatatu wakaikuta foleni ile ile.

Kwa hiyo nilimwalika katibu mkuu wa utawala katika semina niliyoiongoza mimi. Nilimpa kiti cha plastiki kama cha wengine, nikamwomba juzi yake. Alianzia saa kumi na moja alfajiri, watu wakiwa tayari getini kwake, huyu na karatasi ya hospitali, yule na mtoto aliyefukuzwa shule. Alifika ofisini mfuko mtupu, akajifungia, na hakutia sahihi hata karatasi moja hadi mchana kwa kuogopa mlango. Sisi miaka yote tulidhani ni majivuno. Tulikubaliana naye saa mbili maalumu za sahihi kila siku, na foleni ya apariteri ikapungua wiki ile ile.

Papa Apariteri hakuja. Miezi michache baadaye mfanyakazi mmoja aliyesema sana siku ile alihamishiwa kwenye bohari, na mzee akanipigia simu. Mwanangu, akaniambia, umempa mkuu ramani ya nyumba za watu. Hatukuongea kwa muda mrefu baada ya hapo, kila mmoja akiendesha semina zake. Nilimheshimu, nikaendelea. Jibu langu kwa uhamisho ule ni kanuni niliyoiongeza: mbele ya mkuu zinasomwa saa na safu, bila jina la mtu. Alipoisikia alisema mkono wa chaki unatambulika. Alikufa hajakubali.

Nyinyi vijana mnaoendesha semina hizi leo katika mahoteli ya Muhumba na Nguba, nawasikia mkilalamika kwamba PATO wanakuja kwa ajili ya nauli na chakula tu. Acheni neno hilo. Mtu asiyelipwa, anayepanda Karhale kwa miguu, anayo haki ya kuuliza nauli kabla ya kuuliza mada, na ninyi mlipewa pesa hiyo kwa jina lake. Mnapiga picha mbele ya bango kabla hata hamjajua nani amekula. Mfumo mpya wa shahada, LMD, ulipoanza mwaka wa masomo 2021-2022, maprofesa wengi walielezwa krediti 60 za kila mwaka kwa slaidi nzuri, ilhali watu wa apariteri, ambao ndio wangehamisha maksi kutoka asilimia kwenda krediti, sehemu nyingi walipewa nakala ya waraka. Halafu mkashangaa wanaugua presha msimu wa matokeo. Wafundisheni kazi! Mfanyakazi anayeijua kazi yake hulala.

Na msiseme hali ya sasa hairuhusu. Waasi wa M23 walipoingia Bukavu Februari 2025, benki zilifunga milango, na mshahara uliokuwa mdogo ukawa pia mgumu kuufikia. Siku kama hizi ndizo kilizotengenezewa kisanduku chekundu. Uani kwa mtu panatosha, ubao mmoja na chaki vinatosha.

Madaftari yake yako kwangu kwa ruhusa ya watoto wake, na anayetaka kuyanakili aje. Atakuta maandishi yangu pembeni penye kurasa za kiti cha mkuu, kwa kalamu nyekundu. Siku ya kwanza ni ya wafanyakazi peke yao, hapo mzee alisema kweli na pasiguswe. Jioni yake wenyewe wanachagua kipi kisomwe na kipi kifutwe ubaoni, na kilichofutwa hakitajwi tena. Siku ya pili, saa tatu, wakubwa wanaingia, na kabla ya kusomewa chochote wanasimulia juzi yao wao kwanza, kuanzia mlangoni kwao.