Jumamosi ya kutembea Iringa na swali la mtoto pale Boma

Saa moja asubuhi Mafinga bado ilikuwa na baridi ya kuvaa sweta mbili. Baba, mama na watoto wawili, mmoja wa darasa la tano na mwingine wa la pili, walipanda Coaster kuelekea Iringa, mwendo wa kilomita zipatazo 80. Kwa kawaida familia hii ikienda Iringa huwa ina shughuli: hospitali, sare za shule au msiba. Safari hii walikwenda kutembea tu, kwa miguu, kuangalia majengo ya zamani.

Chanzo kilikuwa daftari la historia. Mtoto mkubwa alikuwa amefundishwa habari za Mtwa Mkwawa, akamuuliza baba yake, "Kwani Iringa kuna nini chake cha kuona?" Baba, ambaye ameupita mji huo mara zisizo na idadi, alikosa jibu.

Nyumba ya mgeni

Gari lilipita Ifunda, Tanangozi na Isimila, palipookotwa zana za mawe za watu wa kale, kisha likafika Ipogolo na kupanda mlima kuingia mjini. Kituo cha kwanza kilikuwa Boma. Jengo hilo la kuta nene lilijengwa na Wajerumani mwaka 1900 kuwa hospitali ya jeshi lao. Baadaye likawa ofisi za serikali kwa miaka mingi. Tangu mwaka 2016 ni makumbusho ya mkoa, kazi iliyofanywa kupitia mradi wa Fahari Yetu wa Chuo Kikuu cha Iringa.

Ndani watoto walitulia kuliko wazazi walivyotarajia. Waliona vyombo vya nyumbani vya wenyeji wa nyanda za juu na picha za watu wa zamani. Mdogo alisimama mbele ya vikapu vya milulu akasema, "Hiki bibi anacho." Kwake hicho ndicho kilichofungua makumbusho: kumbe kitu cha jikoni kwa bibi nacho ni historia.

Walipotoka, mkubwa aliligeukia jengo. "Baba, kwa nini nyumba ya Wajerumani ipo na ya Mkwawa haipo?"

Baba alitazama chini. Mama ndiye aliyejibu. "Ya Mkwawa waliibomoa kwa mizinga, mwanangu. Hii walijenga wao, baada ya kubomoa ile."

Ndivyo ilivyokuwa. Mwaka 1891, pale Lugalo, Wahehe waliwashinda Wajerumani na kumuua kamanda wao, Emil von Zelewski. Jina la kambi ya Lugalo ya Dar es Salaam linatoka huko. Wajerumani walirudi Oktoba 1894 wakiongozwa na Gavana Friedrich von Schele, wakaipiga ngome ya Kalenga hadi ikaanguka. Miaka miwili baadaye walianzisha mji wao juu ya mlima, ndio Iringa ya leo. Hata jina lake linatokana na lilinga, yaani ngome kwa Kihehe. Ngome haipo, lakini jina lake linaandikwa kwenye kila basi.

Kutoka sokoni hadi mnara wa saa

Kutoka Boma walishuka taratibu hadi maeneo ya soko kuu. Karibu na kituo cha polisi upo mnara wa kumbukumbu ya Waafrika waliokufa katika vita vya Maji Maji, mwaka 1905 hadi 1907. Baba aliwakataza watoto kupiga picha upande wa polisi, wakaupiga mnara peke yake.

Mbele kidogo ni mtaa wa maduka, na juu ya mapaa unaonekana mnara wa saa wa Jamatkhana ya Waismailia. Mama aliwaonyesha kwamba mji huu una mikono mingi ndani yake: Mjerumani, Mhindi aliyefungua duka, na Mhehe, Mbena na Mkinga waliobeba mawe na kuuza mazao. Mdogo alikuwa ameshachoka. Chai na maandazi vilimrudishia nguvu.

Mlango wa Kalenga

Mchana walichukua gari hadi Kalenga, kilomita zipatazo 15 kutoka mjini kwa barabara ya kwenda Ruaha. Hapo ndipo wazazi walipotofautiana. Ndani ya makumbusho kuna fuvu la Mkwawa. Baba aliona mtoto wa darasa la pili abaki nje. Mama aliona akibaki nje ataambiwa na wenzake shuleni, tena kwa mzaha.

Walikubaliana kumweleza kwanza, wakiwa wamekaa kivulini. Mama alitumia maneno machache. Mkwawa alipigana msituni miaka minne. Mwaka 1898, alipoona atakamatwa, alijiua kwa bunduki huko Mlambalasi. Maadui wakakata kichwa chake, na kikapelekwa Ujerumani. Watu wake hawakuacha kukidai. Kurudishwa kwake kuliandikwa hata kwenye Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919. Kilirudi mwaka 1954, kikapokelewa na mjukuu wake, Chifu Adam Sapi Mkwawa, ambaye baadaye alikuwa Spika wa Bunge kwa miaka mingi.

Mkubwa alihesabu kwa vidole. "Miaka hamsini na sita."

Mdogo aliuliza swali moja tu: "Sasa yuko nyumbani?"

"Yuko nyumbani."

"Basi twende tumsalimie."

Waliingia wote wanne. Hakuna aliyelia. Mdogo alisema "shikamoo" kwa sauti ndogo, akashika mkono wa baba yake mpaka walipotoka.

Kwa mzazi anayetaka kwenda

Ondokeni mapema, na mvae viatu vya kutembelea. Ulizeni mapema kuhusu kiingilio na saa za kufungua. Kama watoto ni wadogo, chagueni Boma na soko siku moja, Kalenga siku nyingine. Jioni ikiwaruhusu, pandeni jiwe la Gangilonga, maana yake jiwe linaloongea. Husimuliwa kwamba Mkwawa alikuwa akienda hapo kutafakari, na mji mzima unaonekana chini. Habari ya fuvu isimkute mtoto mlangoni. Aisikie kwanza kwa mzazi wake.

Usiku walipofika Mafinga, bibi alikuwa hajalala. Watoto walimsalimu "kamwene," wakaanza kusimulia wote kwa pamoja. Alipowasikiliza hadi mwisho, mkubwa alimuuliza, "Bibi, na hapa Mafinga kuna nini cha zamani?"

Bibi alicheka. "Hapa? Mimi naolewa hapa palikuwa panaitwa John's Corner."

"John ni nani?"

Bibi alivuta khanga mabegani na kumwambia baba aongeze kuni. Watoto walisogea karibu na moto.