Amri ya Kunawa na Faranga Elfu Moja



Tarehe 1 Agosti 2018 ilitangazwa kwamba Ebola imezuka katika Kivu ya Kaskazini. Hadi tarehe 25 Juni 2020, ulipotangazwa mwisho wake, watu 2,287 walikuwa wamefariki. Sisi tuliokuwa Butembo tunakumbuka ndoo za maji ya klorini, kipimajoto kilichoelekezwa kwenye paji la uso katika kila kizuizi, Misa bila kupeana mkono wa amani, na wapendwa wetu waliozikwa na watu tusioweza kuwatambua ndani ya mavazi yao ya kujikinga.

Siku zile tuliwafundisha vijana wa katekesi kuwatii wenye mamlaka, na tulikuwa na sababu. Ebola huambukiza kwa majimaji ya mwili, na maiti huambukiza vikali mno. Kwa hiyo viongozi wa mji na wa mtaa walikuwa na haki ya kutuzuia kuwaosha wafu wetu, jambo ambalo siku za kawaida serikali haina ruhusa ya kuligusa. Uhai wa jirani ulidai hivyo.

Lakini siku moja kijana wetu mmoja alisimamishwa kizuizini kwa kuwa hakunawa. Alikubali kunawa; hata hivyo akadaiwa faranga elfu moja. Alilipa, wala hakupewa karatasi yoyote. Akatuuliza: “Mwalimu, amri ya kunawa naijua. Hii ya kulipa imeandikwa wapi?”

Tulimjibu vibaya. Tulimwambia ashukuru kwamba yu hai. Jumapili iliyofuata hakuja katekesi, na punde tukasikia kwamba yeye na wenzake wanapita njia ya mashambani ili kukikwepa kizuizi. Faranga elfu moja ziliufungulia ugonjwa njia ambayo ndoo ya maji ilikuwa imeifunga.

Kisha ukaja mwezi wa Desemba. Siku nne tu kabla ya uchaguzi wa tarehe 30, tulitangaziwa kwamba Beni na Butembo watapiga kura mwezi Machi, kwa sababu ya Ebola na ukosefu wa usalama. Masoko yalikuwa wazi, makanisa yalijaa, na Rais mpya aliapishwa Januari kabla ya sisi kupiga kura. Huko Beni watu waliandamana, kituo cha kupokea wagonjwa kikavamiwa, na baadhi ya waliokuwa wakingoja vipimo wakakimbia. Hatuwatetei waliovamia. Uamuzi ule haukutoka kwa meya wala kwa waganga. Lakini machoni pa mwananchi serikali ni moja, na aliyemnyima kura ndiye huyo huyo anayempima joto.

Katiba yetu, katika kifungu cha 61, inasema kwamba hata hali ya dharura ikitangazwa, zipo haki zisizoguswa: haki ya kuishi, ya kutoteswa, ya kujitetea, na uhuru wa dhamiri na dini. Basi, dharura huongeza mamlaka ya kiongozi, lakini haiondoi mipaka yake.

Tulimwendea yule kijana nyumbani kwao, tukamwomba radhi, tukaenda pamoja kwa mkuu wa mtaa. Alitusomea amri: ilitaja kunawa na kupimwa joto, haikutaja malipo. Faranga elfu ile haikurudi. Lakini kijana aliwapelekea wenzake habari hiyo, nao wakarudi kwenye barabara kuu, wakinawa, na kujibu kwa adabu walipodaiwa pesa: “Tuonyesheni maandishi.”

Ugonjwa mwingine utakuja, na amri zitakuja pamoja nao. Zitiini zile zinazolinda uhai, tena mapema, bila kungoja askari. Na mwulize kila mara: nani ameitoa amri hii, imeandikwa wapi, na itakoma lini? Kuuliza hivyo si uasi. Sisi tulichelewa kulijua hilo, na kijana wetu ndiye aliyetufundisha.