Wanaoondoka na Masika

Sisi watu wa kazi ya mlima tunauhesabu mwaka kwa wageni. Januari na Februari kuna kazi. Juni hadi Oktoba kazi huzidi, na ikikaribia Krismasi lango la Machame hujaa wagumu, yaani wapagazi, tangu alfajiri, kila mmoja akisikiliza kama jina lake litaitwa. Katikati yapo masika. Mwishoni mwa Machi mvua inaingia msituni, njia inageuka tope, na vijana wanarudi nyumbani bila posho. Nimekuwa mpagazi, nikawa msaidizi wa mpishi, nikawa mwongozaji, na miaka yote hiyo masika yalikuwa miezi ya kukopa dukani. Lakini kazi ninayoifanya leo, ya kuwapeleka watu kuangalia ndege, niliipata katika miezi hiyo hiyo. Wapanda mlima wanapokuwa hawapo, ndege wa Ulaya na Asia waliokuja kwetu tangu Oktoba wanakula kwa nguvu, wanajaza miili, halafu wanaondoka kwenda kuzaa. Safari yao huanzia hapa kwetu.

Kazi yangu ya kwanza na ndege ilikuwa kuwafukuza. Nilizaliwa kwenye kihamba, shamba letu la migomba na mibuni, kilicho juu ya Mto Weruweru, na familia yetu ililima ulezi wa pombe ya mbege kule chini kwenye tambarare. Ulezi ukianza kukomaa, watoto tulipelekwa kuamia. Mtoto anayekaa shambani kutwa na manati mkononi anajua upesi nani mwizi na nani si mwizi. Kwelea, shomoro na chiriku tuliwarushia mawe. Mbayuwayu tuliwaacha, kwa sababu bibi alitukataza kabisa: hawali punje hata moja, kazi yao ni kukamata wadudu hewani. Niliona pia kwamba mbayuwayu waliojenga kwa matope chini ya dari ya zahanati walikuwepo mwaka mzima, ila wale wenye koo jekundu na mkia mrefu uliogawanyika walitoweka kila mwaka masika yakiwa katikati. Nilimuuliza bibi wanakwenda wapi. Akasema wanafuata kazi.

Nilianza kubeba mizigo mlimani katikati ya miaka ya 1980. Siku hizo wageni wengi walipandia Marangu, kwenye mabanda ya kulala, na njia yetu ya Machame ilikuwa ya watu wachache wenye mahema. Ndege wa mlima wenyewe nilijifunza nikiwa na mzigo kichwani: kunguru shingo nyeupe wanaosubiri makombo kambini, na chozi wa kijani mwenye mkia mrefu anayetafuta wadudu kwenye lobelia kuanzia Shira kwenda juu. Hao ni wenyeji, hawatoki. Ila mwezi Machi, Shira, kwenye mita 3,800 na ushee, niliwaona mbayuwayu wa koo jekundu wakipita chini chini juu ya mawe, wote wakielekea upande mmoja, kaskazini. Mgeni niliyembebea aliwatazama kwa darubini na kunipa niangalie. Nilikuwa sijawahi kushika darubini. Baada ya hapo nilitamani kujua mengi kuliko niliyoweza kujibiwa kambini.

Majibu yalianza kuja masika moja, alipofika mtafiti kutoka Uswidi na vibali vyake vya utafiti kutoka COSTECH na TAWIRI, akitafuta mtu wa kubeba vifaa na anayejua njia za vijijini. Mimi sikuwa na kazi, nikaenda. Alinieleza kwamba wenzake walikuwa wameshafika zamani: Yngve Sjöstedt aliongoza msafara wa Waswidi hapa Kilimanjaro na Meru mwaka 1905 na 1906, akaweka kambi Kibong'oto, jirani zetu wa magharibi, kukusanya wanyama wa kila aina. Msafara ule uliua ndege na kuwapeleka makumbusho. Huyu wa kwetu alikuja kuwavalisha pete na kuwaachia.

Tulianza kabla ya jua kuchomoza. Tulitandaza nyavu nyeusi za nyuzi nyembamba kati ya migomba na mibuni, tukajitenga, na baada ya muda mfupi tukapita kuwatoa walionasa, maana ndege akilowa ndani ya wavu anakufa kwa baridi. Kila mmoja alitiwa kwenye mfuko wake wa kitambaa. Nilifundishwa kumshika: shingo kati ya kidole cha shahada na cha kati, mgongo kwenye kiganja, kifua kisibanwe hata kidogo, kwa sababu ndege huvuta pumzi kwa kutanua kifua. Ukishamtuliza, unapuliza manyoya ya chini ya koo. Yanaachana, na hapo unakuta ngozi nyembamba inayoonyesha vilivyo ndani. Kuna kishimo pale juu ya kidari. Ndege wa Januari, kishimo hicho ni chekundu, nyama tupu. Ndege wa mwisho wa Machi, kimejaa mafuta ya rangi ya samli, mpaka yamevimba na kutambaa kuelekea tumboni. Mafuta yale ndiyo yatakayomvusha jangwa.

Kulikuwa na mmoja tuliyempata mara kwa mara, mdogo kuliko chiriku, mgongo wa kijani kilichofifia, tumbo la manjano hafifu na mstari wa manjano juu ya jicho. Vijana walimwita Mrusi, kwa kuwa mtafiti alituambia wengi wa aina ile huzaliwa kwenye misitu ya Urusi na Skandinavia. Nimeendelea kumwita hivyo. Mrusi ana uzito wa gramu nane au tisa siku za kawaida, na akikaribia kuondoka huweza kufika kumi na mbili. Machi dume huanza kuimba akiwa bado hapa kwetu, sauti inayoanza juu na kushuka taratibu mpaka inapotea. Anaimba akiwa juu ya mfuruanje, mti wetu mrefu wa kivuli, anaruka kudaka mdudu, anarudi kuimba. Pamoja naye, kwenye minavu na vichaka vya pembeni mwa mfongo, mfereji wetu wa maji, yuko ndege wa kijivu mwenye kofia nyeusi, jike lake likiwa na kofia ya kahawia, anayepiga ulimi kama anayekuonya. Huyo naye huimba kabla ya kuondoka, na kwa masikio yangu hakuna mwimbaji mzuri kumshinda katika masika yote ya Machame.

Swali nililomuuliza mtafiti, na ambalo wageni wangu huniuliza hadi sasa, ni hili: wanajuaje kwamba muda umefika? Ulaya siku hurefuka na kufupika, hata kipofu angejua. Machame iko nyuzi tatu tu kusini mwa ikweta, na urefu wa mchana wa Desemba na wa Machi haupishani hata kwa robo saa. Eberhard Gwinner, mwanasayansi wa Ujerumani, alilifanyia kazi swali hili miaka ya 1960. Aliwafuga ndege wa aina ya huyu Mrusi ndani ya chumba, saa kumi na mbili za mwanga na kumi na mbili za giza, bila kubadilisha chochote. Wakaendelea kunyonyoka manyoya na kuhangaika usiku majira ya safari yanapofika, kwa mpango wao wenyewe. Saa iko ndani yao. Nimesimulia habari hii kwa watu wengi, nami bado inanishangaza.

Wadogo hawa huondoka usiku. Jioni ya leo mfuruanje umejaa, asubuhi ya kesho umebaki na wenyeji. Atakaye kuona safari yenyewe kwa macho, ashuke tambarare.

Korongo weupe hawapandi mlima. Miili yao ni mizito, wanategemea hewa ya moto inayopanda kutoka ardhini, na msituni hewa hiyo hawaipati. Kwa hiyo hupita uwandani, kati ya Kilimanjaro na Meru. Mimi huenda Boma Ng'ombe kwa daladala, kisha naingia upande wa Sanya asubuhi inayofuata usiku wa mvua. Korongo wanakuwa wamesimama mashambani, wamelowa, wakila viwavi na panzi. Mwaka wenye viwavijeshi mkulima huwaona kama vibarua walioletwa na Mungu. Saa nne hivi jua linapasua mawingu. Mmoja anaruka, anazunguka, wengine wanamfuata, na kundi zima linapanda bila kupiga bawa mpaka lina ukubwa wa vumbi. Huko juu wanaacha kuzunguka na kuteleza moja kwa moja kuelekea kaskazini. Mbele yao kuna Kenya, Sudan, bonde la Nile, kisha Israeli, ambako korongo hupita kila mwaka kwa mamia ya maelfu. Wazungu wenyewe walichelewa kuyajua haya. Wengine waliamini mbayuwayu hulala chini ya matope ya maziwa wakati wa baridi. Mwaka 1822 korongo mmoja aliuawa karibu na Klütz, kaskazini mwa Ujerumani, akiwa na mkuki wa Kiafrika umepenya shingoni. Yumo hadi leo katika Chuo Kikuu cha Rostock. Kuna Mwafrika aliyemrushia mkuki ule, jina lake hatulijui, na ndiye aliyewapa Wazungu ushahidi.

Aprili hufika kozi wa Amur, wadogo, dume wa kijivu mwenye miguu ya rangi ya chungwa. Wanatoka kusini mwa Afrika na kwenda mashariki ya mbali, Siberia na kaskazini mwa China, kwa kuvuka bahari mpaka India. Nikiwa na vijana huwaeleza habari ya kijiji cha Pangti, Nagaland, India. Mwaka 2012 kozi hawa walinaswa huko kwa nyavu na kuuawa kwa makumi ya maelfu, wakiwa safarini kuja huku kwetu. Mwaka uliofuata wanakijiji wenyewe walisimamisha mauaji. Hawakuwa watu matajiri, na nyama ile ilikuwa na soko. Kwa hiyo kijana wa Machame akiniambia hakuna tunaloweza, namtajia Pangti.

Siku ya Ndege Wahamao Duniani, iliyozinduliwa Laikipia, Kenya, mwaka 2006, huadhimishwa Jumamosi ya pili ya Mei na ya Oktoba. Naiheshimu, lakini ile ya Mei inatukuta wetu karibu wote wameshaondoka, wako njiani au kwenye viota. Ndiyo maana wanafunzi mimi huwatoa nje Machi, kabla ya likizo, tukapita kwenye mifongo na vihamba badala ya hifadhini. Ndege hawa wengi hawahitaji msitu mnene. Wanahitaji miti mirefu iliyoachana, yenye wadudu, na maji yanayotiririka karibu. Hicho ndicho kihamba, na kimetunzwa na wazee wetu kwa jembe.

Na kihamba ndicho kinachopungua. Mkataba wa kimataifa wa kahawa ulipovunjika mwaka 1989 bei ilianguka, watu wakang'oa mibuni, na mti wa kivuli ukabaki bila sababu ya kusimama. Ardhi imegawanywa baba kwa mwana mpaka kipande kinatosha nyumba na choo. Siwalaumu. Mtoto anahitaji ada.

Mwaka juzi mtoto wa mdogo wangu alileta watu wa msumeno waupime mfuruanje mkubwa ulio mpakani mwetu, ule ule ninaokaa chini yake na wageni.

"Baba mkubwa," akaniambia, "mti huu ni mbao, na mbao ni bati la nyumba yangu. Hao ndege wako wananipa nini?"

"Mwanangu, ni kweli hawajakupa kitu," nikamjibu. "Mgeni akija hapa anamlipa nani?"

"Wewe."

"Na anasimama kwenye shamba la nani?"

Akanyamaza, kisha akacheka. Tulikaa kwa mama yake, tukaletewa chai, tukapatana. Kila mgeni anayesimama chini ya ule mti, sehemu ya malipo ni ya kijana, anapewa mkononi siku hiyo hiyo. Matawi makavu anakata Juni, Warusi wakiwa mbali. Watu wa msumeno aliwapa mgrevilea wa nyuma ya zizi, na bati likapatikana, ingawa si lote.

Masika haya, wageni wangu wa kwanza walifika mvua ikinyesha. Kijana ndiye aliyewapokea barabarani akiwa na mwavuli, akawaambia kofia nyeusi ameimba tangu saa kumi na mbili na nusu, na kwamba juu ya mti kuna Warusi kama sita. Nilipofika niliwahesabu upya. Walikuwa saba.