Arafa za Marehemu Baba

Marehemu baba hakuniachia barua hata moja; aliniachia arafa. Kila alipotuma karo, alinitumia pia methali. Ya mwisho ni hii: "Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Pesa zimefika?"

Nilipoamua kuiacha simu ya Android na kutwaa iPhone, nilijiuliza arafa hizo zingehama vipi. Aghalabu watu hudhani kwamba arafa huandamana na laini. La hasha! Laini hubeba nambari. Arafa hukaa katika kumbukumbu ya simu yenyewe. Programu iitwayo Move to iOS, iliyozinduliwa mwaka wa 2015, huzihamisha, nayo hutumiwa wakati simu mpya inapoandaliwa kwa mara ya kwanza. Niliziweka rununu zote mbili pamoja, nikangoja, kisha nikahakiki methali moja baada ya nyingine kabla ya kufuta chochote katika ile kuukuu.

Wapenzi wa Kiswahili, tunawasifu waliotuhifadhia tenzi za kale kwa hati za Kiarabu. Arafa za wazazi wetu nazo ni maandishi ya Kiswahili. Tusipozihamisha sisi, nani atakayezihamisha?